Nimezaliwa Tanga nimekulia Tanga, ila Tanga naonyeshwa na Msukuma

Barabara_ya_12 (mwanzisha uzi), Jumapili saa 4 asubuhi

Wakuu salaam aleikum, shikamooni wakubwa, wadogo mambo.

Huu uzi nauandika nikiwa barazani kwa shangazi hapa Ngamiani, nna aibu kidogo na kicheko kingi, naomba mnisitiri. Iko hivi. Kazini kwetu Dar kuna jamaa yangu Msukuma, mtu wa Mwanza kabisa, tunatazamana meza kwa meza mwaka wa 4 huu. Miaka yote hiyo mi namchosha na habari za Tanga. Chai ikiletwa ya baridi nasema kwetu chai haipoi, mvua ikinyesha nasema ya Tanga inanyesha kwa adabu. Juzi kachoka, akanambia basi twende hiyo Tanga yako nikaione kwa macho yangu, Ijumaa tunakwenda Jumapili tunarudi, nikikuta umenidanganya ndo mwisho wa kuniletea stori. Nikasema twende, tena nauli nalipa mimi.

Sasa kuumbuka kwangu kukaanza tuko bado ndani ya basi. Tumeshapita Segera, mkonge umeanza kujipanga mistari kulia kushoto kama gwaride, jamaa kaganda dirishani. Akauliza hii kitu mliitoa wapi. Mi bila hata kumeza mate, "hii ya asili bwana, mababu zetu waliikuta." Kiti cha mbele yetu alikaa mzee mmoja kavaa kofia ya kiua, nilidhani kasinzia kumbe masikio yako kazini. Akageuka polepole, na kile Kiswahili chetu cha kubembeleza akasema, "Mwanangu, usimdanganye mgeni wa watu. Mkonge umekuja na meli." Halafu akashusha darasa mpaka Muheza. Kwamba mkonge kwao ni Mexico, kwamba mwaka 1893 Mjerumani mmoja Hindorf aliagiza miche 1,000 toka Florida, ikazungushwa mpaka Hamburg ndo ikaletwa huku, safari ikaiua, iliyofika na uhai ilikuwa 62. Sitini na mbili wakuu! Ikapandwa upande wa Pangani ikazaa ikazaa mpaka Tanganyika ikawa inaongoza dunia kwa katani.

Jamaa akanitazama. Hakusema neno. Akatoa simu akaandika kitu, nikachungulia, kaandika: "1. Mkonge sio wa kwao."

Tumeshuka Kange usiku, bajaji mpaka kwa shangazi. Dereva akauliza wapi, nikasema Barabara ya 12. Jamaa akaniuliza hiyo ya 12 ina jina gani, nikamwambia jina lake ndo hilo, ya 12, inakuja baada ya ya 11 na kabla ya ya 13. Alicheka mpaka bajaji ikayumba. Akasema Dar anaelekezwa nenda mpaka kwenye mwembe uliokatwa alafu uliza kwa mama fulani, huku mtu akijua kuhesabu kashafika nyumbani hata awe kalewa vipi. Mi miaka 19 nimeishi hapa sijawahi kuona kama ni jambo la kusifia. Kaandika namba 2.

Jana ndo usiseme, tumeamka maandazi na mbaazi za nazi, tumeazima baiskeli 2 kwa jirani, tukakanyaga mpaka Amboni, kama kilomita 8 hivi barabara ya Mombasa. Njiani jamaa akawa anahesabu baiskeli. Kina mama na mabuibui yao, mtoto kwenye keria, kikapu cha samaki mbele, wanatupita na salamu wanatoa. Alipofika 140 akaacha kuhesabu. Mapangoni sasa, nikataka kurudisha heshima, nikamwambia hili pango linakwenda mpaka Mombasa, linatokea kule. Si nilivyoambiwa nikiwa mdogo! Yule muongoza wageni alijishika tumbo. Akasema kila mtoto wa Tanga anakuja na hiyo, wengine lao linatokea Kilimanjaro, tena kuna mbwa aliingia huku akatokea kule. Akatuambia mambo ya maana sasa, kwamba hayo ni mawe ya chokaa ya miaka zaidi ya milioni 150, na kwamba humo ndimo alimojificha Osale Otango miaka ya 1950, yule aliyewasumbua walowezi wa mashamba, serikali ya mkoloni inamwita jambazi na huku mtaani anatajwa kwa sifa. Mi Otango nilikuwa namjua kwa jina tu, nilidhani ni wa hadithi za kututisha tulale.

Namba 3, 4 na 5 zimeandikwa hapo hapo gizani, popo wanapita juu ya kichwa.

Sasa leo mchana ndo tunaondoka. Naombeni wana Tanga mliobaki, nipeni silaha. Nimwonyeshe au nimwambie nini ambacho hata mzee wa kwenye basi hakijui?

---

kimanumanu_damu

Hahahaha mzee wa kofia ya kiua kakutenda. Wewe mkonge unaanzaje kusema wa mababu, si ungekaa kimya tu uangalie dirishani kama watu wengine.

Mpeleke uwanja wa Mkwakwani basi hata kama hamna mechi.

---

raskazone_mwenyewe

Mwanzisha uzi wewe umekwenda mpaka Amboni umeacha stori kubwa iko mlangoni. Nimekulia Raskazone, ngoja nikupe na umsomee neno kwa neno.

Novemba 1914. Waingereza wamekuja na meli zao, askari kama 8,000, wengi wao Wahindi wametolewa huko kwao wametapika njia nzima. Mjerumani aliyekuwa huku, von Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu kama 1,000, wengi askari Waafrika. Hesabu haihitaji daftari, 8 kwa 1. Sasa sikiliza uungwana. Kabla ya kupiga, Muingereza kaingiza manowari moja bandarini, nahodha kashuka kuja kutoa taarifa kwamba jamani ile amani tuliyokubaliana imekwisha, tunakuja kuwapiga. Kapiga HODI wakuu! Alafu akamuuliza mwenyeji, samahani, hapa bandarini mmetega mabomu? Mwenyeji akajibu ndio tumetega, tena mengi. Yakawa hayapo. Muingereza kapoteza muda anafagia bahari kutafuta mabomu hewa, huku Lettow analeta askari kwa treni toka huko Moshi, na ile reli ndo hii yetu iliyoanza kujengwa hapa Tanga 1893.

Wameshuka huku kwetu Raskazone, wamepita kwenye vichaka na mashamba, risasi zimeanza, na kwenye miti kulikuwa na mizinga ya nyuki. Nyuki hajui huyu Mjerumani huyu Muingereza, kasumbuliwa na kelele katoka na hasira zake. Watu wametupa bunduki wanakimbilia baharini. Waingereza baadae wakadai Mjerumani aliwatega kwa kamba kwenye mizinga, porojo hizo, na Wajerumani walioshika bunduki za rashasha nao walitimuliwa na nyuki hao hao. Muingereza kapanda meli kaondoka, kaacha bunduki za rashasha 16 na risasi laki 6 mchangani. Lettow akazitumia kupigana nazo mbele huko.

Vita vya nyuki hivyo. Mwambie Msukuma wako kwamba hata ukija Tanga kwa ubaya, kwanza unapiga hodi, alafu unaacha zawadi.

---

mwisho_wa_reli

Naona mnajisifia nyuki. Sisi Kigoma tuna meli iliyokufa ikafufuka. MV Liemba, imetengenezwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa nati kwa nati ikapakiwa kwenye makasha kama 5,000, ikaja mpaka ziwani ikafungwa upya, 1916 Mjerumani mwenyewe akaizamisha isichukuliwe, kabla ya kuizamisha kapaka injini grisi nyingi kama mtu anaepaka mtoto mafuta, 1924 Muingereza kaiopoa, 1927 imerudi kazini. Bibi yangu kasafiri nayo, mama kasafiri nayo, na mimi nimetapika ndani yake.

Nyuki wenu wameshafanya nini toka 1914?

---

raskazone_mwenyewe

Wamepumzika. Kazi moja waliyopewa wameimaliza siku moja, meli yenu imehitaji miaka 8 chini ya maji kutafakari.

---

senene_kavu

Wahaya tumenyamaza kwa sababu tunajiheshimu. Novemba ikifika mnajua wenyewe nani anakuwa na furaha kuliko wote nchi hii, taa zinawaka usiku, ndoo zipo tayari. Zamani akina mama ndo wanaokamata senene na kusafisha, na kula hawaruhusiwi, wanakula waume. Mama yangu alipojua ladha yake ile mila pale nyumbani ilikufa mchana kweupe, baba akabaki kuhesabu miguu.

Haya endeleeni na Tanga yenu.

---

Barabara_ya_12 (mwanzisha uzi), Jumapili saa 3 usiku

Wakuu hatujaondoka. Msinipigie kelele.

Lawama zote kwa shangazi na bada. Tiketi tulishakata, basi saa 8 mchana, saa 5 shangazi akasema mgeni hawezi kuondoka hajala bada, hiyo ni aibu ya ukoo. Jamaa akaniuliza bada ni nini, nikamwambia ni ugali wa muhogo, akakunja uso kidogo, akasema ugali wa muhogo kwao upo sana, "udaga" tunauita, sio kitu cha kumchelewesha mtu basi. Shangazi kasikia. Hakujibu. Alinyanyuka tu akafunga kanga kiunoni vizuri, na mimi nikajua leo kuna kazi.

Kamuita jikoni mwenyewe akae kwenye kibao aangalie. Unga wa makopa, muhogo uliokaushwa, umepepetwa mwembamba, maji yanachemka, anamimina kwa mkono wa kushoto huku mwiko uko mkono wa kulia haupumziki. Mwanzo ni uji, mweupe mweupe. Alafu unabadilika rangi unakuwa kama wa kijivu unang'aa, unaanza kuvutika, na hapo ndo kazi inapoanza maana bada haikorogwi, bada inasongwa, unaibana sufuria kwa miguu na kitambaa, unaigeuza kama unamgeuza mtu aliyelala fofofo. Jasho linamtoka anaimba. Jamaa akaomba mwiko ajaribu. Kapewa. Mwiko ulizama ukagoma kutoka, Msukuma mwenye kifua cha kubeba gunia kashikwa na bada mbele za watu, watoto wa jirani wamejaa dirishani.

Kitoweo mchuzi wa papa wa nazi, kisamvu pembeni, ndimu na pilipili. Sasa jamaa kamega tonge anatafuna. Shangazi akamshika mkono: "Mwanangu, bada haitafunwi. Unachovya, unameza, yenyewe inajua njia." Akameza. Akanyamaza. Akameza la pili. Nilimwona akitazama saa ya ukutani, ilikuwa saa 7 na nusu, kisha akairudisha macho kwenye sinia kama mtu asiejua kusoma saa.

Basi limeondoka na viti vyetu viwili vikiwa vitupu. Jamaa kampigia bosi simu kaomba siku za likizo, kasema amepata udhuru wa kifamilia. Familia gani, sijui. Namba 9 kwenye simu yake inasema: "Udaga ni mazoezi. Hii ndo mechi."

---

lungalunga_boda

Waungwana hamjambo. Mimi niko ng'ambo ya Horohoro, huku upande wa Kenya. Nawasoma toka asubuhi nikajizuia lakini kwenye bada siwezi bwana. Bada ni ya Mdigo, na Mdigo yuko Tanga na yuko Kwale, mpaka ndio uliokuja ukamkuta. Nyanya yangu amezaliwa upande wenu akaolewa upande wetu, sufuria lake la bada alivuka nalo kichwani na hakuna aliyemuuliza pasi. Kwa hivyo mkisifu, sifuni na sisi tukiwa ndani.

---

Barabara_ya_12 (mwanzisha uzi)

Karibu sana ndugu yetu, sinia ni moja. Shangazi anasema mwambie huyo mtoto kama nyanya yake aliondoka na sufuria basi mwiko uko huku.

---

mama_makorora

Watoto nimewasoma nimefurahi. Nyie wa siku hizi mnaitafuta Tanga kwenye mapango wakati ilikuwa kwenye gramafoni.

Miaka ya 60 na 70 hapa kulikuwa na Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab. Taarab ya Unguja ilikuwa na orkestra kubwa, fidla nyingi, mnakaa kwenye viti mmetulia kama mko kwa kadhi. Tanga tukaja na watu wachache, gitaa la umeme, besi, mdundo wa kukunyanyua. Shakila sauti yake ilitoka huku. Mimi nilikuwa msichana, nafua nguo uani, redio iko dirishani kwa jirani, ikipigwa ya Black Star nafua taratibu ili nguo zisiishe. Mama alikuwa ananiuliza hizo nguo 5 unazifua toka asubuhi zina dhambi gani.

Shangazi yako kama ni wa rika langu basi kanda anazo. Mwambie amwekee mgeni.

---

Barabara_ya_12 (mwanzisha uzi)

Mama shikamoo. Anazo, tena zimefungwa kwenye mfuko wa khanga mpya kama dhahabu. Kaweka usiku huu baada ya kusoma ulichoandika (nilimsomea). Wamekaa barazani yeye na Msukuma na kahawa na kashata, jamaa anatikisa mguu, kila beti likiisha shangazi anasimamisha redio anamweleza hilo fumbo linampiga nani. Mi niliulizwa fumbo moja nikakosa. Jamaa kalipata.

---

mtoto_wa_kigombe

Nimechelewa kuuona huu uzi. Mkuu uliomba silaha, mimi nnayo ya miaka milioni kadhaa.

Baba yangu ni mvuvi Kigombe, njia ya Pangani. Kuanzia 2004 hivi watu wanaotega jarife, zile nyavu za papa zinazoshushwa kwenye kina kirefu, wakawa wanatoa samaki wa ajabu. Mkubwa, mwingine unapita kilo 50, rangi ya samawati iliyofifia na madoa meupe, magamba magumu kama vigae, na mapezi yana nyama kama miguu mifupi, usiku ukimuangalia macho yanang'aa kijani. Mi nilikuwa mdogo, siku baba alipokuja naye nilikimbia nikajificha nyuma ya mama. Ukimshika ananata mafuta mkononi hayatoki na sabuni. Walioonja wanasema hafai, mafuta yake yanakuendesha tumbo. Kwa hiyo sisi tulimuona ni hasara, kaja kachana wavu na haliki.

Kumbe huyo ndo silikanti! Wazungu walikuwa wanamjua kwenye mawe tu, wakaamini kaishatoweka zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita, pamoja na yale madubwana makubwa, mpaka 1938 alipopatikana mmoja Afrika Kusini dunia ikapagawa. Na huku kwetu baba yangu anamlaani kwa kumchania wavu. Wataalamu wakaja mbio na barafu na tepu za kupimia, 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari ya Silikanti Tanga. Baba mpaka leo ukimwambia yule samaki ana thamani duniani anauliza, "Na wavu wangu je?"

Mwambie Msukuma kwao wana sangara, aliyeletwa na ndoo miaka ya 50. Wetu hakuletwa na mtu.

---

ngosha_wa_kirumba

Haya sasa mmefika kwenye sangara, na sisi Mwanza tuko humu tunasoma kimya kimya. Sangara ni mgeni kweli ila kaja na minofu, kaajiri watu. Huyo wenu kakaa miaka milioni 65 anaendesha watu matumbo.

Na tunaomba mrudishe ndugu yetu, ng'ombe wanamsubiri.

---

Barabara_ya_12 (mwanzisha uzi), Jumatatu saa 1 usiku

Huyo ndugu yenu leo nimemkosa nyumbani kutwa nzima. Alichukua baiskeli asubuhi baada ya kusoma hiyo habari ya samaki, nikadhani kaenda kununua vocha. Kumbe kashika njia ya Pangani. Hakufika Kigombe, pumzi ilimuishia Tongoni, kilomita kama 17 hivi, akakuta magofu. Karudi saa 12 magharibi inaingia, kapauka vumbi mpaka kwenye kope, anauliza kwa hasira kwa nini sikumwambia.

Sikumwambia nini? Makaburi ya nguzo, wakuu. Makaburi yote kama 40, ya karne kama ya 14 na 15, msikiti wa mawe umebomoka, baobabu zimesimama katikati, bahari iko pale pale. Nguzo nyingine zilipachikwa mabakuli ya kigeni, mashimo yake bado unayaona. Mlinzi kamwambia hapo ndo Mtang'ata yenyewe, jina la zamani la hapo, na kwamba Vasco da Gama alipokuwa anarudi toka India 1499 watu wake wameugua wamekufa njiani, mabaharia hawatoshi meli zote, ikabidi meli moja, São Rafael, aichome moto maeneo haya haya abaki na nyingine. Mi Tongoni nimepita kwa basi labda mara 50 naenda Pangani kuoga, nikidhani yale ni mabaki ya jela.

Na kwa Mtang'ata hapo jamaa akanipiga la mwisho. Anasema mlinzi alikuwa anaongea Kiswahili chenye maneno ambayo hajawahi kuyasikia, Kimtang'ata, akayaandika 6. Akanisomea. Nilijua 2.

Namba imefika 17.

---

kimanumanu_damu

Mkwakwani umempeleka au hujampeleka?

---

Barabara_ya_12 (mwanzisha uzi)

Nimempeleka, tumechungulia geti. Shangazi kamwambia timu yetu Coastal Union ilikuwa bingwa wa ligi 1988 na hilo lisisahaulike, Wagosi wa Kaya. Sikutaka kulileta humu kwa kukuheshimu.

---

kimanumanu_damu

1988. Mnaishi kwa kumbukumbu kama wajane. Ila ni kweli ubingwa ulikuja Tanga na mimi siku hiyo baba alininunulia soda japo ni wa African Sports, watani wao wa hapa hapa Tanga, alisema kombe likipita mtaani unalipungia mkono hata kama sio lako.

---

chuda_flatini

Nauliza kitu. Ule msemo "Tanga, waja leo waondoka leo" maana yake ni nini hasa, maana naona Msukuma wa watu kaja Ijumaa leo Jumanne hajaondoka, msemo umevunjika?

---

raskazone_mwenyewe

Haujavunjika, huo ni msemo wa kumpigia mgeni kijembe. Unamwambia hivyo anapofika, kwa sababu unajua hatoondoka. Ni kama kumwambia mtu aliyeshika sinia la bada "onja kidogo tu".

---

mama_makorora

Babu yangu alisema maana yake kulikuwa na shughuli, bandari ipo reli ipo, mtu anakuja anauza anaondoka. Lakini hao walioondoka leo wengi wao walizikwa hapa hapa miaka 40 baadae. Makuli wa mkonge walitoka kila kona ya nchi na nje ya nchi, walisema mkataba ukiisha narudi kwetu. Nenda Makorora leo uliza watu makabila yao, utamaliza siku.

---

chuda_flatini

Ahsante mama. Na ile ya kwamba mapenzi yalizaliwa Tanga je? Mtu siku 5 kwa shangazi wa mtu mwingine, mi naona kuna jambo.

---

Barabara_ya_12 (mwanzisha uzi), Jumatano saa 6 mchana

Jambo hamna, nimechunguza. Kinachomweka ni sufuria.

Mimi hapa niko ndani ya basi peke yangu narudi Dar, likizo nilizonazo haziruhusu utani, jamaa kabaki, anasema anakuja Jumapili, tumeshajua Jumapili za Tanga zilivyo. Asubuhi nimemuaga yuko uani kavaa msuli wa marehemu mjomba, anakuna nazi kwenye mbuzi, anaulizwa na jirani barabara ya 9 iko wapi na ANAELEKEZA, "hesabu 3 kurudi nyuma mama, huwezi kupotea." Wakuu huyo ni mtu wa Mwanza.

Kanipa simu yake nisome list yote kabla sijaondoka. Namba 23 imeandikwa hivi: "Rafiki yangu hakunidanganya. Alikuwa hajui tu."

Basi limeingia kwenye mkonge sasa hivi. Nyuma yangu kuna kijana na mwenzie wanapiga picha dirishani, mmoja kaanza kusema hii mimea ni ya asili huku... ngojeni kidogo.

---

mtoto_wa_kigombe

HAHAHAHA mkuu usigeuke!

---

Barabara_ya_12 (mwanzisha uzi)

Nimegeuka. Tumefika Segera bado naongea, wameshaanza kusinzia.

Na shangazi kapiga sasa hivi, anasema mgeni kamaliza nazi zote na anaulizia makopa yanaanikwa siku ngapi.

---

ngosha_wa_kirumba

Huyo tumeshampoteza. Ng'ombe tunagawana.